Ubongo Ukisema, Useme Kiswahili Pia

Wahenga walipolonga kwamba hujafa hujaumbika, hawakuwa wakitutisha. Walikuwa wakituonya tusimcheke kilema, kwa kuwa hakuna ajuaye kesho ataamka vipi. Mtu hulala usiku akiwa mzima wa afya, akiwa amewatania watoto wake na kupanga shughuli za kesho, kisha kukicha akajikuta ulimi hausogei, mkono hauinuki na mguu haumtii. Kiharusi hakibishi hodi. Na katika madhara yote ambayo maradhi ya aina hii humletea binadamu, sidhani kuna linalozidi hili: mtu kubaki na akili timamu, anasikia, anaelewa, anakumbuka, ana la kusema, ila hana njia ya kulisema.

Makala haya yanahusu juhudi za wataalamu za kumrudishia mtu huyo usemi kwa kuunganisha ubongo wake na tarakilishi. Siyaandiki nikiwa daktari wala mhandisi. Nayaandika nikiwa mwalimu wa isimu, na nina sababu ya kujiingiza katika uwanja ambao wengi watasema si wangu. Kazi hii, ambayo magazeti na redio huitangaza kama ajabu ya tiba na ya mitambo, kwa hakika nusu yake ni kazi ya lugha. Na katika hiyo nusu ya lugha, Kiswahili hakijatengewa hata kigoda. Sisi wenyewe tusipokitengea, hakuna mgeni atakayetufanyia hisani hiyo.

Usione vyaelea, vimeundwa. Utafiti huu haukuzuka juzi. Mnamo mwaka wa 1924, daktari Mjerumani kwa jina Hans Berger, aliyefanya kazi katika mji wa Jena, alifaulu kunasa mawimbi hafifu ya umeme kutoka katika ubongo wa binadamu kwa vipande vya metali vilivyowekwa kichwani. Alikaa na ugunduzi huo miaka mitano kabla ya kuuchapisha mwaka wa 1929, na wenzake wengi hawakumsadiki mara moja. Mwaka wa 1973, mtaalamu Jacques Vidal wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliuliza swali ambalo ndilo asili ya taaluma hii: je, mawimbi hayo yanaweza kutumiwa kuipa tarakilishi amri, bila mkono kugusa chochote? Mwaka wa 1988 Farwell na Donchin wakaonyesha njia mojawapo. Mtu aliketi mbele ya jedwali la herufi zilizokuwa zikimetameta kwa zamu, naye akaikazia macho herufi aliyoitaka. Ilipometameta ile aliyoingoja, ubongo wake ulitoa ishara ya mshtuko mdogo takriban thuluthi moja ya sekunde baadaye. Mashine iliiona ishara hiyo ikajua ni herufi ipi. Ilikuwa kazi ya polepole kama ya kobe, lakini kobe huyo alifika.

Hatua kubwa zaidi ilipigwa mwaka wa 2004 nchini Marekani, pale kijana Matthew Nagle, aliyekuwa amepooza kuanzia shingoni kwenda chini baada ya kudungwa kisu, alipokubali kupandikizwa ndani ya ubongo kipande kidogo chenye elektrodi 96, upana wake ukiwa milimita nne tu. Kwa kuwaza tu kwamba anausogeza mkono wake, aliweza kukisogeza kielekezi kwenye kioo cha tarakilishi, akafungua barua na kuendesha televisheni. Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka wa 2006. Mwaka wa 2012 kundi hilo hilo la watafiti lilieleza jinsi mwanamke aliyekuwa amepooza kwa kiharusi kwa karibu miaka 15 alivyouongoza mkono wa roboti kwa ubongo wake, akajinyweshea kahawa bila kusaidiwa na mtu.

Hayo yote yanahusu mkono. Lililonivuta mimi ni ulimi.

Mpenzi msomaji, ili tuelewane, hebu tuuchukulie ubongo kuwa makao makuu ya mkoa. Kutoka makao hayo hutoka amri za kila sekunde kwenda vijijini: midomo ifumbwe, ulimi uinuke uguse ufizi, nyuzi za sauti zitetemeshwe, taya lishuke. Amri hizo hupita katika shina la ubongo kama magari yapitavyo darajani. Kiharusi kikilipiga shina hilo, daraja huvunjika. Vijiji havipati habari tena, lakini makao makuu hayajafungwa. Karani bado yumo ofisini, bado anaandika barua, bado anazipiga muhuri. Wafanyacho wataalamu ni kuketi mlangoni pa ofisi hiyo na kuzisoma barua kabla hazijafika kwenye daraja lililovunjika. Elektrodi huwekwa juu ya ubongo, au ndani yake, katika eneo linaloongoza viungo vya matamshi. Mgonjwa huambiwa ajaribu kutamka sentensi fulani, ingawa hakuna sauti inayotoka, na programu hujifunza ni ruwaza ipi ya umeme inayoambatana na sauti ipi.

Mwaka wa 2021, kundi linaloongozwa na daktari Edward Chang wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, lilichapisha habari za mwanamume anayejulikana kwa jina la kupanga la Pancho, aliyepoteza usemi kwa kiharusi zaidi ya miaka 15 kabla. Aliweza kutoa sentensi kwa msamiati wa maneno 50, kwa kasi ya maneno 15 hivi kwa dakika, na robo ya maneno hayo ilikuwa ya makosa. Mwaka wa 2023 makundi mawili, moja la Stanford na jingine hilo la San Francisco, yalitangaza kasi ya maneno 62 na 78 kwa dakika. Mtu asemaye Kiingereza kwa kawaida hutoa maneno takriban 150 kwa dakika. Mwaka wa 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walieleza kisa cha mwanamume mwenye ugonjwa unaoziua neva ziongozazo misuli, ule unaofupishwa ALS, ambaye mashine yake yenye elektrodi 256 ilipatia maneno 97 katika kila 100, kutoka katika msamiati wa maneno 125,000. Zaidi ya hayo, mashine hiyo iliyasoma maneno yake kwa sauti iliyofanana na aliyokuwa nayo kabla ya kuugua, kwa kuwa rekodi zake za zamani zilikuwapo.

Sasa tuyatazame haya kwa jicho la mwanaisimu. Watu wengi hudhani mashine hizi husoma mawazo. La hasha. Hazijui mtu anafikiri nini. Zinachonasa ni amri za matamshi, na kutoka katika amri hizo hukisia fonimu moja baada ya nyingine. Makisio ya fonimu peke yake yana makosa tele. Kinachoyanyoosha ni ngazi ya pili, yaani programu iliyolishwa maandishi mengi mno ya lugha fulani mpaka ikajua neno lipi hufuata lipi. Ngazi hiyo ndiyo inayoamua kwamba msemaji alikusudia neno hili wala si lile linalokaribiana nalo kwa sauti. Ubongo hutoa fununu, na lugha ndiyo hutoa hukumu.

Lugha hiyo katika kazi zote nilizozitaja ni Kiingereza. Fonimu zinazotafutwa, 39 kwa kawaida, ni za Kiingereza. Maneno 125,000 ni ya Kiingereza. Kanuni za neno lipi hufuata lipi ni za Kiingereza. Mzee wa Kisauni au wa Kakamega akipandikizwa kifaa hicho kama kilivyo, kisha akajaribu kusema “mwanangu, niletee maji,” mashine itazipepeta sauti zake ikitafuta humo Kiingereza ambacho hakimo. Itatoa kitu, maana mashine haikosi jibu. Kitakachotoka hakitakuwa chake.

Je, lugha nyingine haziwezekani? Zinawezekana, na ushahidi upo. Yule Pancho, mpenzi msomaji, lugha yake ya kuzaliwa ni Kihispania. Kiingereza alijifunza akiwa mtu mzima, baada ya kiharusi kumkalia. Mwaka wa 2024 kundi la San Francisco lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mashine yake ingeweza kutambua anataka kusema kwa lugha ipi kati ya hizo mbili. Lililo kubwa zaidi kwa mwanaisimu ni kuwa eneo lile lile la ubongo lilihudumia lugha zote mbili, na mafunzo ambayo mashine iliyapata katika lugha moja yaliisaidia kujifunza ya pili kwa haraka. Nao watafiti wa China walionyesha mwaka wa 2023 kwamba hata toni za lugha yao, zinazobadilisha maana ya neno, zinaweza kunaswa kutoka ubongoni. Hapana shaka, basi, kwamba ubongo wa Mswahili hautakuwa kizuizi. Kizuizi kitakuwa ile ngazi ya pili, na ngazi hiyo ni kazi ya watu kama mimi na wewe.

Tena si kazi ya kutafsiri tu orodha ya maneno. Umbo la Kiswahili halikubali. Chukua kitenzi kimoja, ita, ambacho mgonjwa atakihitaji kila siku. Tuna viambishi sita vya nafsi vya mtenda, vitano vya mtendwa, na tuseme vinne vya wakati. Ukivizidisha unapata maumbo 120. Ondoa yale ambayo msemaji hawezi kuyatamka, kama vile “ninaniita” au “tulituita”, unabaki na maumbo yanayokaribia 100: ananiita, nimekuita, tutawaita, mlimwita. Hapo hujagusa ukanushi, hujagusa viambishi vya ngeli nyingine, hujanyambua kitenzi kikawa itia, itwa, itana au itisha. Kiingereza hutumia neno moja na visaidizi vichache kwa yote hayo. Mtu atakayeijengea mashine ya Kiswahili orodha ya maneno 125,000 kwa mtindo wa Kiingereza atashangaa kuona orodha imejaa na vitenzi havijaisha. Mashine yetu sharti ifikiri kwa mofimu, na hakuna mhandisi wa California atakayeketi kuzichambua mofimu zetu ilhali wanafunzi wetu wa shahada ya kwanza wanazichambua kila muhula kisha makaratasi yakatupwa.

Kwa upande mwingine, lugha yetu ina neema ambazo Kiingereza hakina. Irabu zetu ni tano tu. Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu. Tunaandika karibu sawa na tunavyotamka, kwa hiyo mashine ikishazipata sauti imeshapata tahajia, ilhali Kiingereza kinalazimika kuruka bonde kati ya sauti na maandishi. Tena tuna upatanisho wa kisarufi, ule ambao wanafunzi huulalamikia. Tazama sentensi hii: “Vitabu vyangu viwili vimepotea.” Alama ya ngeli imejitokeza mara nne. Mashine ikisikia vibaya mahali pamoja, wapo mashahidi watatu wa kuisahihisha. Hoja hii bado ni ya nadharia na inangoja kujaribiwa, lakini ni hoja ambayo mtafiti kijana wa Nairobi, Eldoret au Dar es Salaam angeweza kuianza leo kwa maandishi matupu, pasipo kumpasua mtu kichwa.

Najua kuna msomaji aliyekwisha kukunja uso. Atauliza: hospitali zetu zina uhaba wa dawa na vitanda, walemavu wetu wanatambaa kwa kukosa viti vya magurudumu, nawe mwalimu unatuletea hadithi za elektrodi? Swali hilo ni la haki na sitalikwepa. Mashine hizi za usemi bado zimo katika majaribio, na waliopandikizwa duniani kote ni wachache. Upasuaji wa ubongo una hatari zake. Isitoshe, anayepandikizwa hutegemea kampuni iliyokiunda kifaa. Kampuni ya Second Sight ya Marekani iliwapandikiza vipofu zaidi ya 350 kifaa cha kuwasaidia kuona, kisha ikaacha kukitengeneza, na watu hao wakabaki na mtambo ndani ya jicho usio na fundi wala kipuri. Kwa hiyo siiombi serikali inunue mashine hata moja.

Ninachoomba ni tufanye ile sehemu isiyohitaji fedha nyingi, ambayo itamfaa mgonjwa leo kwa vifaa rahisi na itamfaa kesho kwa vifaa vikubwa. Nitatoa mfano wa mtu ambaye hakuwa na elektrodi hata moja. Mnamo Desemba 1995, Jean-Dominique Bauby, mhariri wa jarida la Elle nchini Ufaransa, alipigwa na kiharusi cha shina la ubongo. Kilichomtii katika mwili wake wote kilikuwa ukope wa jicho la kushoto. Mtaalamu wa tiba ya usemi alimpangia alfabeti upya, si kwa mpangilio wa A, B, C, bali kwa kufuata herufi zitumikazo zaidi katika Kifaransa, ikianza na E, S, A, R, I, N. Msaidizi alizitaja herufi moja moja, naye Bauby akapepesa ukope ilipofika aliyoitaka. Kwa njia hiyo aliandika kitabu kizima, kikachapishwa Machi 1997, siku chache kabla hajafariki. Sayansi iliyotumika hapo ilikuwa isimu. Mtu alikuwa amehesabu herufi za lugha yake.

Je, mgonjwa wa Kiswahili apangiwe alfabeti ipi? Ukimpa ile ya Bauby utamtesa. Yeyote aliyewahi kuzihesabu herufi za ukurasa mmoja wa Kiswahili anajua kwamba A hutangulia kwa mbali na I huifuata. E iliyo ya kwanza kwa Mfaransa si ya kwanza kwetu. Tena tunaweza kumfanyia mgonjwa wetu lililo bora zaidi. Kwa kuwa silabi zetu nyingi ni konsonanti na irabu, msaidizi anaweza kutaja konsonanti kwanza, na ikishachaguliwa asirudi mwanzo wa alfabeti, bali ataje irabu tano tu. Ubao wa namna hiyo unaweza kuandikwa kwa kalamu ya wino kwenye kadibodi. Unahitaji tu mtu wa kuupanga kwa hesabu sahihi na kuujaribu pamoja na wagonjwa mpaka ufae.

Siyasemi haya kwa kubuni. Miaka michache iliyopita, katika wodi ya hospitali moja humu nchini, nilimwona mama mzee aliyepoteza usemi. Kando ya kitanda chake palikuwa na bango la msaada lililotolewa ng'ambo, lenye picha na maneno ya kuonyeshea maumivu, kiu na haja. Maneno yote yalikuwa ya Kiingereza, na picha ya chakula ilikuwa ya mkate uliojazwa nyama. Mama huyo, aliyekuwa ameketi na Kiswahili na Kigiriama maisha yake yote, alilitazama bango lile kama mtu anayetazama ratiba ya garimoshi la nchi asiyoijua. Bintiye alilazimika kumuuliza swali moja moja, la ndiyo au la, tangu asubuhi hadi jioni. Muuguzi hakuwa na kosa, maana ndicho alichopewa. Kosa ni kwamba nchi yenye idara za Kiswahili katika vyuo vikuu vingi haijatoa bango moja lililopimwa na kukubaliwa la Kiswahili kwa wagonjwa wake.

Wala hili si suala la hisani. Ni suala la sheria. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na papo hapo kinaitaka serikali ikuze lugha ishara ya Kenya, maandishi ya Braille, na njia na teknolojia nyingine za mawasiliano zinazowafaa walemavu. Kifungu cha 54 kinampa mlemavu haki ya kutumia njia ya mawasiliano inayomfaa na kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu takriban 900,000 wenye ulemavu miongoni mwa Wakenya wa umri wa miaka mitano na zaidi. Si wote waliopoteza usemi, lakini waliopoteza wamo, na Katiba haikusema haki yao ianze siku watakapojua Kiingereza.

Kuna jambo jingine ambalo ni zito kuliko ubao na kalamu. Wavyele walisema moyo wa mtu ni msitu. Msitu huo sasa umeanza kukatwa njia. Mnamo Agosti 2025, watafiti wa Stanford na wenzao walichapisha utafiti uliohusu usemi wa ndani, yaani maneno ambayo mtu huyasema kimoyomoyo bila kujaribu kuyatamka. Mashine iliweza kuyatambua, katika hali bora zaidi, kwa usahihi wa asilimia 74. Watafiti hao waliiona hatari iliyomo. Wakaweka kufuli, yaani neno la siri ambalo mgonjwa hulisema moyoni kwanza ndipo mashine ianze kusikiliza. Nchi ya Chile iliirekebisha katiba yake mwaka wa 2021 ili kulinda shughuli za ubongo na habari zitokazo humo. Shirika la Unesco nalo lilipitisha pendekezo la maadili kuhusu teknolojia za neva mnamo Novemba 2025. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayozihesabu habari za afya kuwa nyeti. Ni mwanzo mzuri, ila ubongo unastahili kutajwa kwa jina lake.

Hapa pia lugha inaingia. Sheria humtaka mgonjwa atoe ridhaa akiwa anaelewa. Ataelewaje ikiwa fomu imeandikwa kwa lugha ya daktari? Na hata tukitaka kuifasiri, tutaandika nini? Baadhi yetu husema kiolesura cha ubongo na tarakilishi, wengine husema kiunganishi, wengine hukopa neno la Kiingereza lilivyo. Mkulima wa Malindi hatasaidiwa na ubishi wetu. Anahitaji neno moja linaloeleweka, lililokubaliwa Nairobi, Dodoma na Zanzibar, ambako ndiko yalipo makao ya Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Lugha iliyotengewa na Unesco siku yake ya kusherehekewa duniani, tarehe 7 Julai, haipaswi kuwa na siku bila kuwa na istilahi za kumtetea mgonjwa.

Napendekeza basi mambo manne, na yote yamo ndani ya uwezo wa walimu na wanafunzi. Kwanza, walimu wa shule za upili wawape wanafunzi kazi ya kuhesabu herufi na silabi katika maandishi mbalimbali, matokeo yakusanywe na vyuo, na yatumike kupanga ubao wa mawasiliano utakaojaribiwa hospitalini kwa ushirikiano na madaktari. Hesabu na Kiswahili vitakutana, na mwanafunzi atajua kwamba sarufi inaweza kumpa mtu maji ya kunywa.

Pili, tukusanye usemi halisi. Mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla, unaokusanya sauti za watu wanaojitolea, umekipokea Kiswahili. Tusiiachie Kiswahili sanifu peke yake nafasi hiyo. Mgonjwa wa Lamu atasema Kiamu, na kijana wa Eastleigh aliyepooza kwa ajali ya pikipiki atachanganya Kiswahili, Kiingereza na Sheng katika sentensi moja. Mimi ni mwalimu wa lugha na napenda usanifu, lakini kitandani pa mgonjwa si mahali pa kusahihisha insha.

Tatu, tuhifadhi sauti za watu wetu. Aliyegunduliwa kuwa na ugonjwa utakaompokonya usemi polepole arekodiwe mapema, akiwasimulia wajukuu wake hadithi au akiimba. Simu ya mkononi inatosha. Yule mgonjwa wa Davis alirudishiwa sauti yake kwa sababu ilikuwapo mahali.

Nne, idara za isimu na za Kiswahili zifungue mlango kwa wanafunzi wa tarakilishi na wa udaktari. Uchambuzi wa mofimu unaofanywa kwa ajili ya mtihani uwekwe katika hazina moja, ili atakayeunda mashine ya kutambua usemi, iwe ya simu au ya ubongo, aukute tayari.

Mwanafunzi unayesoma makala haya huenda umewahi kuulizwa nyumbani: utakula nini ukisomea Kiswahili? Wajibu kwa upole kwamba kuna watu wanaongoja kusema, na wanakungoja wewe. Tusingoje mashine zije kisha tukaanza kutafuta kamusi. Chelewa chelewa, wasema, utamkuta mwana si wako. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kunyamaza kwa ulimi si mwisho wa usemi, mradi tuwe tumewatayarishia wenzetu lugha ya kusemea.